Shangazi Anajibu: Nikizima runinga na kufuta picha zote, je, nitaacha kujichukia?

Barua ya kwanza

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 27, fundi cherehani, nina kibanda changu Temeke. Nashona magauni ya sherehe, vitenge na sare za harusi. Katika kazi hii simu ndiyo dirisha la duka langu: mteja hunitumia picha ya mshono kwa WhatsApp, nami humjibu kama kitambaa chake kinatosha na atalipa kiasi gani. Kwa siku naweza kupokea picha thelathini, na karibu zote ni za wanawake wenye kiuno cha nyigu na ngozi isiyo na doa hata moja. Jioni mimi na dada yangu hutazama tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, kisha naingia kitandani na simu, naperuzi Instagram na TikTok mpaka bando linakata.

Mwezi uliopita nilimaliza gauni la mteja ambaye vipimo vyake na vyangu vinakaribiana sana, nikalijaribu kabla hajalifuata. Lilinikaa vizuri, wala mshono haukuwa na kosa. Nikajipiga picha, nikaiweka kando ya ile aliyonitumia mteja, kisha nikakaa juu ya rundo la vitambaa nikalia. Niliona mikono minene na pua iliyojaa uso mzima. Nimeamua niuze runinga, nifute kwenye simu kila kitu chenye picha, na nibandue hata mabango ya mishono yaliyo ukutani kibandani. Dada anasema nimechanganyikiwa, na shoga zangu wanauliza kama nimeokoka. Je, nikiacha kutazama nitaacha kujichukia? Na nikiacha, nitakula nini?

*Fundi, Temeke*

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu. Nianze na hiyo pua, kwa kuwa katika yote uliyoniandikia ndiyo yenye jibu jepesi. Mwaka 2018 madaktari wa upasuaji wa uso nchini Marekani walichapisha hesabu iliyoonyesha kwamba uso ukipigwa picha kwa umbali wa inchi 12, ambao ndio umbali wa mkono uliokunjwa ukiwa na simu, pua huonekana pana kwa takribani asilimia 30 kuliko ikipigwa kwa umbali wa futi tano. Sababu yake haina uchawi wowote: pua imetangulia mbele ya uso, na kilicho karibu na jicho la kamera hukuzwa kuliko kilicho nyuma yake. Aliyempiga yule mwanamke wa picha uliyotumiwa na mteja wako alisimama hatua kadhaa mbali naye, huenda akiwa na kamera kubwa na taa mbili. Kwa hiyo ulichokilinganisha siku ile hakikuwa pua mbili bali umbali wa aina mbili, na wewe fundi unajua kwamba anayepima kitambaa kimoja kwa inchi na kingine kwa sentimita hana haki ya kulalamika kwamba havilingani.

Na gauni lenyewe pia lilikudanganya. Umewahi kuligeuza gauni la picha ukaona mgongo wake? Magauni mengi yanayopigwa picha za matangazo hubanwa kwa pini au vibanio upande wa nyuma hadi kiuno kikae kama kimechongwa, na mvaaji hahitaji kukaa, kula wali wala kuinua mkono acheze. Gauni ulilolishona wewe lilikuwa la mtu atakayekwenda harusini.

Sasa nije kwenye swali lako. Wazo la kwamba macho yakipumzishwa na moyo nao hupumzika si wazo la mtu aliyechanganyikiwa, na dada yako ana deni la kukuomba radhi. Katika jimbo la Nadroga, katika nchi ya visiwa ya Fiji kwenye bahari ya Pasifiki, runinga ilifika mwaka 1995. Wafiji wa asili, kama wazee wetu, waliuheshimu mwili ulioshiba. Msichana akikonda watu wa nyumbani walihangaika wakimtafutia chakula na dawa. Mtafiti Anne Becker wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwahoji wanafunzi wa kike wa sekondari wiki chache baada ya runinga kuwasili, kisha akarudi mwaka 1998 akawahoji wengine wa umri uleule. Waliokuwa na alama za kutia wasiwasi katika tabia zao za kula walikuwa asilimia 12.7 mara ya kwanza. Mara ya pili walikuwa asilimia 29.2. Mwaka 1995 hakuna hata mmoja aliyesema kwamba hujitapisha ili apungue, na mwaka 1998 waliosema hivyo walifikia asilimia 11.3. Wasichana wenyewe walikuwa wachache, 63 mara ya kwanza na 65 mara ya pili, na ndani ya miaka ile mitatu mambo mengine pia yalibadilika kisiwani, kwa hiyo sitaki uichukue habari hii kama hukumu ya mahakama. Hata hivyo nikiikumbuka huwa nawaza kwetu, kwa sababu Tanzania Bara haikuwa na kituo cha runinga hadi mwaka 1994 (Wazanzibari walitutangulia kwa miaka ishirini hivi), na mwaka huohuo ndipo mashindano ya urembo ya taifa, yaliyopigwa marufuku tangu miaka ya 1960, yaliporejea. Mimi nilikuwa mtu mzima wakati huo. Nakumbuka kwamba kabla ya hapo sifa ya msichana ilikuwa kuambiwa amenawiri, na mwembamba aliulizwa kwa huruma kama anaumwa; sijui ni siku gani hasa swali hilo liligeuka kuwa pongezi.

Hiyo ni habari ya kuingia kwa picha. Kuhusu kuziondoa, ambalo ndilo jambo lako, kuna jaribio la Kanada lililochapishwa mwaka 2023. Vijana 220 wa umri wa miaka 17 hadi 25, ambao walikuwa na dalili za wasiwasi au huzuni na walitumia mitandao kwa saa mbili au zaidi kila siku, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliendelea kama kawaida, na jingine likatakiwa lisizidishe saa moja kwa siku kwa muda wa wiki tatu. Walipoulizwa tena, waliopunguza walikuwa wanauona mwili wao na uzito wao kwa jicho zuri zaidi kuliko mwanzo, ilhali wenzao walibaki palepale walipokuwa. Naomba uangalie mambo mawili hapo: hawakuacha kabisa, na zilikuwa wiki tatu tu.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, acha, lakini acha kwa muda unaohesabika, wala usiuze kitu. Mtu anayeuza runinga kwa hasira hununua nyingine kwa mkopo kabla ya sikukuu. Mimi nadhani pia kwamba katika nyumba yenu runinga ina kosa dogo kuliko simu. Mwigizaji wa Istanbul yuko mbali. Unajua kwamba ana mpambaji wake, na tena unamtazama ukiwa na dada yako, mnamcheka na kumsengenya. Simu unaitazama peke yako gizani, na inakuletea msichana wa Buguruni mliyesoma naye darasa moja, amejipiga filta, na chini yake watu mia nne wamempongeza. Huyo ndiye anayekuuma, kwa kuwa moyo haujilinganishi na malkia, hujilinganisha na jirani. Futa TikTok na Instagram kwa wiki tatu, tamthilia ibaki.

WhatsApp huwezi kuifuta, na hapo ndipo nilipokaa nikafikiri sana, maana ushauri wa kumwambia fundi asitazame picha za mishono ni sawa na kumwambia mvuvi asilowe. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp uzime upakuaji wa picha wenyewe, ili picha isifunguke mpaka uiguse. Nyamazisha status za watu. Weka saa ya kufungua picha za wateja, tuseme saa nne asubuhi na saa kumi jioni, ukiwa kibandani na penseli mkononi. Picha ikifunguka, chora mshono kwenye karatasi: shingo, mkono, mkato wa kiuno, pindo. Usichore mtu, chora gauni. Ukimaliza kuchora, ifunge picha, na kuanzia hapo ushone kwa kuutazama mchoro wako. Nilifundishwa hivyo na marehemu mama mkubwa, aliyekuwa fundi kabla ya simu hizi. Yeye alikuwa akichora kwa kipande cha chaki juu ya meza, akikosea anafuta kwa kiganja, na sijawahi kuona mteja aliyelalamika.

Lakini kuyazuia macho ni nusu ya kazi. Macho hujifunza kipi ni cha kawaida kutokana na kile yanachokiona mara nyingi. Ukiyalisha viuno thelathini vya picha kila siku kwa miaka mitatu, yatakuja kuamini kwamba hivyo ndivyo viuno vilivyo, na kiuno chako mwenyewe yatakiona kama kosa la ushonaji. Ukiyanyima picha bila kuyapa kitu kingine, yatabaki na kumbukumbu ya zilezile. Wengi wanaoacha runinga hukwama hapa: hujifungia ndani, hawaoni picha na hawaoni watu, na baada ya wiki mbili wanarudi kulekule.

Wewe una kitu ambacho wengine hawana, nacho ni daftari la vipimo. Lifungue usiku huu, wakati ule ambao ungekuwa na simu. Unakumbuka ile hesabu inayosifiwa tangu ujana wangu, inchi 36 kifuani, 24 kiunoni, 36 nyongani? Pitia wateja wako wote wa mwaka huu, mmoja mmoja, utafute mwenye vipimo hivyo. Nitashangaa ukimpata hata mmoja. Utakayemkuta ni mwenye bega moja lililoshuka kuliko jingine, mwenye nyonga 48 ambaye mumewe humsubiri nje ya kibanda chako akiwa amembebea pochi, bi harusi aliyeongezeka inchi mbili kati ya kipimo cha kwanza na cha mwisho, na mama mzima uliyelazimika kumwongezea kitambaa kwapani, akalivaa gauni, akajigeuza mbele ya kioo na kupiga vigelegele. Umewapima wote hao kwa futi yako mwenyewe, wala hukumchukia hata mmoja. Katika orodha hiyo ongeza jina lako na vipimo vyako, kwa mwandiko uleule, katikati ya wenzako.

Jambo la mwisho kwako. Baada ya wiki tatu niandikie, hata kama hakuna kilichobadilika. Ikiwa katika siku hizo utajikuta unakwepa chakula, hulali, au huzuni imekuganda mchana na usiku, usisubiri wiki ziishe. Nenda hospitali ya wilaya uombe kumwona mtaalamu wa afya ya akili.

Barua ya pili

Shangazi, salaam. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Tanga. Binti yangu wa miaka 14 ameanza kuacha chakula cha usiku, na mama yake amekuta kopo la krimu isiyo na jina chini ya godoro. Uso umeanza kuwa na rangi mbili. Nimetoa amri: king'amuzi nimekikata na simu ya nyumbani nimeifungia kabatini. Mke wangu anasema nimemwadhibu mtoto kwa kosa la dunia. Nani yuko sahihi?

*Baba Watatu*

Shangazi anajibu

Salaam kaka. Amri yako naielewa, ila nikueleze kwa nini peke yake haitoshi. Yule mtafiti wa Fiji niliyemtaja hapo juu aliendelea na kazi yake, na mwaka 2011 yeye na wenzake walichapisha utafiti mwingine wa wanafunzi wa kike 523. Waligundua kwamba matatizo ya kula yalifungamana na jinsi marafiki wa msichana walivyozoea kutazama runinga na video, hata ukiweka kando kile alichokitazama yeye mwenyewe nyumbani. Maana yake, kaka, ni kwamba king'amuzi ulichokikata bado kinawaka kwa jirani, na binti yako huletewa habari zake kila siku wakati wa mapumziko shuleni. Mkeo ana hoja.

Lakini kabla ya hoja kuna krimu, na hilo ni la leo. Shirika la Afya Duniani limeonya kwa miaka mingi kuhusu krimu na sabuni za kung'arisha ngozi zenye zebaki, ambayo huingia mwilini kupitia ngozi na kuharibu figo. Mikorogo mingine huwa na haidrokwinoni, kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi, na mingine steroidi kali ambazo huifanya ngozi iwe nyembamba. Mpeleke hospitali pamoja na lile kopo, daktari alione. Usimwachishe kwa vitisho vya usiku mmoja kabla ya kumwona daktari, kwa sababu ngozi iliyozoea steroidi inaweza kuripuka vibaya zaidi ikikatiwa ghafla, na mtoto ataamini kwamba krimu ndiyo iliyokuwa ikimsaidia. Hapohapo hospitali mama yake aeleze habari ya chakula: tangu lini, amepungua kiasi gani, hedhi inakuja au imekatika, na kama huenda chooni mara tu baada ya kula.

Kisha mkae naye, na tafadhali msianze kwa kuuliza ni nani aliyemharibu. Mwoneshe jinsi picha inavyotengenezwa. Mpe ile simu kwa dakika kumi, afungue filta ya uso mbele yako, aiwashe na kuizima. Mwulize imebadilisha nini. Ataona mwenyewe kwamba zilizo nyingi hazikai bila kung'arisha ngozi, kana kwamba weusi ni ukungu juu ya kioo. Jambo hilo ni la zamani kuliko simu. Kwa miongo mingi kadi ambazo Kodak, kampuni ya filamu za kamera, ilizipeleka kwenye maabara za kusafisha picha, ili mafundi wapimie rangi, zilikuwa na sura ya mwanamke wa Kizungu. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi, na sura za watu weusi zilitoka kama kivuli chenye meno. Malalamiko yaliyosikilizwa mapema hayakutoka hata kwa watu weusi, bali kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao bidhaa zao za kahawia hazikuonekana vizuri kwenye matangazo. Mweleze binti yako hivyo hivyo. Mtoto wa miaka 14 ana akili ya kutosha kukasirika, na hasira hiyo itamfaa kuliko aibu.

Na ninyi wakubwa mchunguze ndimi zenu. Ni nani hapo nyumbani, katika kuwataja watoto, husema "yule mweupe, yule mzuri" kwa pumzi moja? Ni shangazi gani huingia sebuleni na kabla hajaitikiwa hodi amekwisha kusema, "Mbona umenenepa hivyo?" Maneno hayo hayahitaji king'amuzi. Nimeyasema mwenyewe, kwa mpwa wangu, mbele ya wageni, nikidhani ni utani. Alikaa miaka miwili bila kuvaa nguo ya mikono mifupi, na nilikuja kuijua sababu yake siku ya harusi yake.

Simu itoe kabatini, iwekwe sebuleni, ikitumiwa na kila mtu mbele ya kila mtu, wewe ukiwemo. Usiku ilale chumbani kwenu. King'amuzi kirudishe baada ya wiki tatu, mtazame pamoja.

Barua ya tatu

Shangazi, mimi ni mwanafunzi wa chuo Morogoro, mwanamume, miaka 22. Nanyanyua vyuma, lakini nikiona vifua vya wenzangu mtandaoni natamani nisivue shati hata bafuni. Rafiki yangu ananiuzia unga wa kuongeza misuli na sasa ananishawishi nichome sindano. Je, haya si mambo ya wanawake?

*Kifua Chembamba*

Shangazi anajibu

Si ya wanawake peke yao, mwanangu. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walipima wanasesere wa askari ambao watoto wa kiume wamechezea tangu miaka ya 1960. Waliona misuli ikituna toleo baada ya toleo, hadi baadhi ya yale ya karibuni yakawa na mikono ambayo hata watunisha misuli wakubwa duniani hawana. Ninyi mlianza kudanganywa mkiwa mnatambaa.

Sindano kataa, leo na kesho. Homoni hizo za kutengeneza misuli zinaweza kudhuru moyo na ini, na kwa kejeli mbaya husinyaza korodani za mtu aliyezitafuta ili awe dume. Huo unga usio na lebo mrudishie mwenyewe.

Katika simu yako acha kufuata kila ukurasa unaoonyesha kifua kitupu na kuuza kitu chini yake. Utaona ni karibu yote. Baki na mwalimu mmoja anayefundisha jinsi ya kunyanyua bila kuumiza mgongo, ukipenda. Kisha Jumamosi nenda ukaogelee, au ukacheze mpira mahali ambapo timu moja huvaa mashati na nyingine huvua ili watambuane, na uchague kuwa upande wa waliovua. Ukikaa hapo dakika tisini utakuwa umeona vifua kumi na kimoja ambavyo havijawahi kupigwa picha na mtu yeyote.